Opereta au jumla ya mapito: uanze na ipi kwenye nadharia ya nyuga za kwanta?

Ukishamaliza umakanika wa kwanta wa shahada ya kwanza, na uhusianifu maalumu wa Einstein ukakukaa vizuri kichwani, kinachofuata ni nadharia ya nyuga za kwanta. Hapo wengi hukwama kabla hawajaanza, kwa sababu vitabu vyenyewe havikubaliani pa kuanzia. Kimoja kinakuletea opereta za kuumba na kuangamiza chembe. Kingine hata hujatulia kwenye kiti kimeshakuwekea integrali yenye vigeu visivyo na idadi. Mwanafunzi anabaki anajiuliza kama ni somo moja au ni mawili.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao: anza na opereta, ukae nazo mpaka uweze kuhesabu mtawanyiko mmoja, yaani chembe zinavyogongana na kutawanyika, mwanzo hadi mwisho kwa mkono wako. Siku utakapofika kwenye fotoni, hamia kwenye jumla ya mapito, yaani ile njia ya integrali. Wapo watu wa aina mbili tatu ambao ushauri huu hauwafai, nao nitawafikia.

Kwanza tuelewane kwamba hatushindanishi nadharia mbili. Hakuna jaribio la maabara litakaloipa ushindi mbinu moja dhidi ya nyingine. Ni nadharia ile ile, ila kila mbinu inakuonyesha wazi baadhi ya mambo na kukufichia mengine. Uchaguzi wako unategemea unataka kuona nini.

Kwa nini nyuga kabisa

Umakanika wa kwanta wa kawaida unakutaka useme mwanzoni chembe ni ngapi, kisha uandike mlinganyo. Idadi hiyo haibadiliki tena. Asili haiendi hivyo. Fotoni yenye nishati ya zaidi ya MeV 1.022 ikipita karibu na kiini cha atomu inaweza kutoweka, na mahali pake pakatokea elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya. Mlinganyo wa Dirac wa mwaka 1928 ulidokeza jambo hili, na Carl Anderson akaiona positroni yenyewe mwaka 1932. Mlinganyo wa chembe moja hauwezi kubeba habari hiyo.

Dawa ni kugeuza mpangilio: uga ndio unakuwa kitu cha msingi, na chembe inakuwa msisimko wa uga huo. Uga wa elektroni ni mmoja ulimwengu mzima, na elektroni ya hapa na ya nyota ya mbali zote ni misisimko yake. Ndiyo maana elektroni zote zinafanana bila tofauti hata chembe. Kwangu mimi hoja hiyo peke yake inatosha kumshawishi mtu asome somo hili.

Mpaka hapa mbinu zote mbili ziko pamoja. Zinaachana pale unapouliza uga huo ufanyweje uwe wa kwanta.

Opereta

Hii ndiyo mbinu kongwe. Born, Heisenberg na Jordan waliigusa mwaka 1926, Dirac akaitumia mwaka 1927 kueleza jinsi atomu inavyotoa na kumeza mwanga, na Heisenberg na Pauli wakaipa umbo pana mwaka 1929. Unachukua uga, unautafutia momenta inayoambatana nao, kisha unaamuru viwili hivyo visikubali kubadilishana nafasi, kama ulivyofanya kwa x na p.

Ukiugawa uga huru katika mawimbi yake, kila wimbi linatoka kuwa oskileta sahili, ile uliyoimaliza zamani. Kila oskileta ina opereta a inayopunguza ngazi moja na a† inayoongeza ngazi moja, na a·a† − a†·a = 1. Ngazi moja juu maana yake ni chembe moja zaidi. Ombwe, yaani hali isiyo na chembe hata moja, ni ile ambayo a ikiigusa inaleta sifuri. Ukitaka chembe mbili, weka a† mbili. Nafasi ya hali zote zinazojengwa hivyo inaitwa nafasi ya Fock.

Uzuri wake ni kwamba huulizi tena chembe iko wapi, kwa sababu unaiumba mwenyewe. Kwa elektroni unabadilisha alama tu: b·b† + b†·b = 1, na vivyo hivyo b†·b† + b†·b† = 0. Kutokana na hapo b† mara mbili ni sifuri, maana yake elektroni mbili haziwezi kukaa hali moja. Kanuni ya Pauli, ambayo shuleni ulipewa kama amri, hapa inatoka yenyewe kwenye mstari mmoja. Kwenye jumla ya mapito jambo hilo hilo litakudai namba za Grassmann, namba ambazo mraba wake ni sifuri na ambazo kuziintegreti ni sawasawa na kuzitofautisha. Zinafanya kazi vizuri sana, lakini kwa mgeni zinaonekana kama mazingaombwe.

Jumla ya mapito

Mwaka 1933 Dirac aliandika makala fupi kuhusu nafasi ya Lagranjiani (nishati mwendo kutoa nishati tuli) katika umakanika wa kwanta. Feynman akaichukua mbegu hiyo, na mwaka 1948 akachapisha mbinu kamili. Hapa hakuna opereta. Unachukua kila namna ambayo mfumo ungeweza kupita kutoka hali ya mwanzo hadi ya mwisho, hata zile zisizofuata mlinganyo wowote wa mwendo, na kila pito unalipa uzito e^(iS/ħ). S ni akshoni, yaani integrali ya nishati mwendo kutoa nishati tuli katika muda wote wa safari. Kisha unajumlisha.

Mapito yaliyo mbali na lile la kawaida yanafutana, kwa kuwa uzito wake unazunguka upesi mno. Yanayobaki ni yale ambayo S haibadiliki ukilisogeza pito kidogo, na hilo ndilo pito la Newton. Kwa uga, pito moja ni historia nzima ya uga mahali pote na wakati wote, na jumla inakuwa integrali juu ya historia zote hizo.

Mtu wa hesabu atauliza integrali hiyo ina maana gani hasa. Swali ni la haki. Katika wakati halisi kipimo chake hakijawekwa sawa kihisabati. Ukigeuza wakati kuwa wa kufikirika, t kuwa −iτ, uzito unakuwa e^(−S/ħ) na mambo yanatulia, na kazi ya Osterwalder na Schrader ya miaka ya 1970 ilionyesha masharti ya kurudi salama. Lakini asikudanganye mtu kwamba opereta ziko salama zaidi: teoremu ya Haag ya mwaka 1955 inasema kwamba picha ya mwingiliano, ile inayotenga mwendo huru wa nyuga na kugusana kwake, ambayo kila kitabu cha opereta hukokotolea, kwa ukali wa hesabu haipo. Kwa usafi wa kihisabati, ngoma droo.

Hesabu moja kwa mbinu mbili

Tuchukue propageta ya uga huru wa skala (wenye namba moja tu kila mahali) wenye masi m, yaani kipimo cha jinsi msukosuko wa uga mahali y unavyofika mahali x. Kila mchoro wa Feynman, yaani picha ya jinsi chembe zinavyogusana, una mistari, na mstari wa ndani ni propageta.

Kwa opereta unaandika φ kama jumla ya vipande vya a na vipande vya a†. Unaweka φ(x)φ(y) katikati ya ombwe na ombwe. Kati ya vipande vinne vinavyotokea vitatu vinakufa: a ikiwa kulia inaua ombwe la kulia, a† ikiwa kushoto inaua la kushoto. Anabaki a·a† peke yake. Kisha unaweka sharti la mpangilio wa wakati, la nyuma litangulie, na unapata vipande viwili, kimoja cha x baada ya y na kingine cha y baada ya x. Kuviunganisha unatumia integrali ya kontua kwenye ndege ya namba changamano, na mwisho kinatoka:

i / (k² − m² + iε)

Ni kurasa mbili hivi za kazi. Hiyo ε ndogo haikuanguka kutoka juu. Ni kumbukumbu ya ule mpangilio wa wakati.

Kwa jumla ya mapito unaongeza chanzo J kwenye akshoni na kuandika Z[J]. Akshoni ya uga huru ni ya daraja la pili kwenye φ, kwa hiyo integrali nzima ni ya Gauss, na kinachotakiwa ni kukamilisha mraba, kazi ile ile ya milinganyo ya kwadratiki ya sekondari. Mistari mitatu, na unapata Z[J] sawa na Z[0] mara e ya toa nusu ya J·D·J, ambapo D ndiyo propageta ile ile. Umemaliza. Ukitaka ya chembe nne, sita au kumi, tofautisha tena kwa J. Teoremu ya Wick, inayovunja zao la nyuga nyingi kuwa propageta, na ambayo upande wa opereta ni sura nzima, hapa ni tokeo la kutofautisha e ya kwadratiki.

Ila ε imetoka wapi? Imeingizwa kwa mkono ili integrali isilipuke. Kitabu kizuri kitakuambia kwamba ndiyo inayochagua ombwe kuwa hali ya mwanzo na ya mwisho. Kitabu kibaya kitapita kimya. Hapa ndipo ninapopata sababu ya kwanza ya kuanza na opereta: aliyefanya zile kurasa mbili anajua ε ni nini. Aliyeanza na mistari mitatu anajua kuhesabu tu.

Mwaka ambao mbinu zilikutana

Mwaka 1947 Lamb na Retherford walipima pengo kati ya ngazi mbili za haidrojeni ambazo mlinganyo wa Dirac ulisema ziko sawa. Walipata takriban MHz 1000. Muda mfupi baada ya mkutano wa Shelter Island wa Juni mwaka huo, Hans Bethe alifanya hesabu akiwa kwenye treni akapata 1040, bila kutumia uhusianifu kikamilifu. Ufunguo ulikuwa renomalizesheni: masi na chaji unazoandika kwenye Lagranjiani si zile zinazopimwa, na ukieleza kila kitu kwa zile zinazopimwa, zile integrali zinazokwenda bila ukomo zinajifuta.

Mwaka uliofuata Schwinger, bingwa wa opereta, alichapisha kwamba usumaku wa elektroni unazidi ule wa Dirac kwa α/2π, yaani takriban 0.00116; α ni kipimo cha nguvu ya umemesumaku. Kwenye mkutano wa Pocono, Pennsylvania, mwaka 1948, Schwinger alizungumza kwa saa nyingi na wakubwa wakamsikiliza. Feynman akaleta michoro yake na wakubwa hao hao hawakuielewa. Kule Japani, Tomonaga alikuwa ameshafika mahali hapo hapo kwa njia yake. Mwaka 1949 Freeman Dyson akathibitisha kwamba wote walikuwa wanasema kitu kimoja: alianza na opereta za Schwinger na Tomonaga, akatoka na michoro ya Feynman.

Kwa hiyo usije ukadhani michoro ya Feynman ni mali ya jumla ya mapito. Inatoka pande zote mbili, na renomalizesheni inakusubiri pande zote mbili, haina njia ya mkato. Ile α/2π ni mchoro mmoja. Hatua ya pili ina michoro 7, ya tatu 72, ya nne 891, ya tano 12,672. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2023 kinaweka g/2 ya elektroni, yaani usumaku wake ukigawanywa kwa ule wa Dirac, kuwa 1.00115965218059, na tarakimu za nadharia zinakwenda nacho bega kwa bega.

Fotoni, na mahali opereta zinapochoka

Jaribu sasa kufanyia uga wa sumaku-umeme kile ulichoufanyia uga wa skala. Tafuta momenta inayoambatana na A₀. Jibu ni sifuri. Si ndogo, ni sifuri kamili, kwa sababu Lagranjiani ya Maxwell haina badiliko la A₀ kwa wakati. Huwezi kuiamuru A₀ isibadilishane nafasi na kitu ambacho hakipo. Uga una vipengele vinne, fotoni ina namna mbili tu za kujipanga, na viwili vilivyozidi ni mzigo wa geji, yaani uhuru wa kuandika uga ule ule kwa namna nyingi.

Opereta zina majibu mawili hapa, na yote yanauma. La kwanza ni kuchagua geji ya Coulomb: unabaki na namna mbili halali, lakini ulinganifu wa Lorentz unapotea machoni na inabidi uuthibitishe upya mwishoni. La pili, la Gupta na Bleuler la mwaka 1950, linabakiza vipengele vyote vinne, lakini linakubali hali zenye uwezekano hasi na kisha kuzifungia nje kwa sharti. Kwa fotoni bado unaweza kuvumilia. Kwa gluoni, chembe zinazobeba kani kali na ambazo zinagusana zenyewe kwa zenyewe, ni mateso.

Kwa jumla ya mapito tatizo lenyewe linabadilika sura. Unajumlisha historia za uga, na nyingi kati yake ni ile ile moja iliyovalishwa geji tofauti, kwa hiyo umehesabu kitu kimoja mara zisizo na mwisho. Tiba ni kugawanya kwa idadi ya marudio. Faddeev na Popov walionyesha jinsi ya kufanya hivyo mwaka 1967, na hisa hiyo ya kugawanyia inajitokeza kama nyuga za ziada, mizimu, ambazo zinazunguka ndani ya michoro na hazitoki nje kamwe. Katika umemesumaku wa kwanta mizimu haigusani na chochote na unaisahau. Kwenye gluoni ukiisahau, majibu yako yanavunja uhifadhi wa uwezekano. 't Hooft mwaka 1971 alitumia silaha hizi kuonyesha kwamba nadharia za geji za aina hiyo zinakubali renomalizesheni, na Nobeli ya 1999 ikaenda kwake na kwa Veltman.

Hiyo ndiyo sababu ya kuhama siku ya fotoni. Ukibaki na opereta mpaka kwenye gluoni kwa uaminifu tu, unajitesa bure.

Kila moja inaficha nini

Upande wa opereta, Hamiltoniani ni ya Hermiti, kwa hiyo jumla ya uwezekano kubaki moja kunaonekana tangu mstari wa kwanza. Kinachojificha ni uhusianifu, maana umeshautenga wakati na nafasi. Upande wa jumla ya mapito, Lagranjiani ni ile ile kwa watazamaji wote, kwa hiyo uhusianifu uko wazi, na uhifadhi wa uwezekano ndio unaojificha. Ukiona mwingiliano wenye tofautisho za wakati ndani yake, rudi kwa opereta ukahakikishe, kwa kuwa pale Hamiltoniani ya mwingiliano si Lagranjiani iliyogeuzwa alama tu.

Kwa simetria, jumla ya mapito haina mpinzani. Adler, Bell na Jackiw waligundua mwaka 1969 kwamba simetria fulani ya nadharia ya kawaida inavunjika kwenye kwanta, na waliiona kwa kuhangaika na mchoro wa pembetatu. Miaka kumi baadaye Fujikawa alionyesha chanzo kwa mkupuo mmoja: akshoni ina simetria, lakini kipimo cha integrali hakina.

Unaelekea wapi?

Anayeelekea kani kali na kompyuta kubwa ndiye wa kwanza ambaye ushauri wangu haumfai. Wilson aligawa wakati na nafasi kuwa kimiani, yaani nukta zilizopangwa kama wavu, mwaka 1974, integrali ikawa ya vigeu vingi lakini vyenye idadi, na kompyuta ikaweza kuichukua kwa mbinu ya Monte Carlo, yaani kwa kuchota sampuli za nasibu. Kwa njia hiyo kundi la Budapest, Marseille na Wuppertal lilihesabu masi ya protoni mwaka 2008 na kukaribia vipimo kwa asilimia chache, jambo ambalo michoro ya Feynman haiwezi kabisa, kwa sababu masi za kwaki zinazoiunda ni karibu asilimia moja tu ya masi ya protoni. Mtu huyu aanze na jumla ya mapito moja kwa moja, tena katika wakati wa kufikirika. Vivyo hivyo anayesoma mabadiliko ya hali za mata, maana Wilson na Fisher walipohesabu tabia ya sumaku karibu na joto lake la mpito mwaka 1972 walitumia uga ule ule.

Anayependa upitishaji-umeme bila ukinzani, nadharia ya BCS ya mwaka 1957, aanze na opereta na asiwe na haraka ya kuhama. Anayependa mashimo meusi vilevile: mnunurisho wa Hawking, 1974, ni habari ya a na a† za mtazamaji mmoja kuchanganyika na za mwingine, na bila opereta hutajua ni nani anayeona chembe na nani haoni. Anayelenga masomo ya uzamili kwenye EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia ya Kigali, au kwa mama yake ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kule Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, afuate mpango wangu wa kawaida, na asisubiri kuufika darasani: uga wa skala, uga wa Dirac na mtawanyiko mmoja wa elektroni na mioni (ndugu mzito wa elektroni) vinafanyika kwa kalamu na daftari.

Anabaki yule wa kompyuta za kwanta. Monte Carlo inashindwa pale uzito wa mapito unapokuwa namba changamano, kwa mfano katika wakati halisi au ndani ya mata iliyosongamana kama ya nyota za neutroni. Kogut na Susskind walishaandika nadharia ya kimiani kwa Hamiltoniani mwaka 1975, na kwa muda mrefu ilionekana ya pembeni. Mwaka 2016 kundi la Innsbruck lilichukua ioni nne zilizonaswa na kuzifanya ziige jozi za elektroni na positroni zikizaliwa kutoka kwenye ombwe, katika modeli ya Schwinger yenye mhimili mmoja wa nafasi. Kwenye mashine ya namna hiyo unachohitaji ni Hamiltoniani na hali ya kuanzia, kwa hiyo yeye ajifunze opereta vizuri, na integrali aisome jioni.